Jiwe la Nne

Katika ukoo wetu hajawahi kutokea mtu wa kupotea porini. Mimi mwenyewe juzi nilitoka kuchuma mlenda nyuma ya nyumba, nikarudishwa na mbuzi.

Lakini babu yangu Matonya alilijua pori kweli, na hilo ndilo lililomponza enzi za Mdachi. Bwana wa boma alitaka kuwashindanisha askari wake: kila mmoja apewe ramani na dira, akatafute mawe yaliyopakwa chokaa, moja baada ya jingine, wa kwanza kurudi apate zawadi. Babu akaitwa apange njia na kuyapaka mawe.

Mwezi uliopita boma lilikuwa likichukua ng'ombe za watu kulisha askari, naye akaapa kwamba zake zote zimekufa kwa ugonjwa wa sotoka. Zilikuwa kumi na nne, nzima, korongoni upande wa Msalato, bibi akizichunga. Zikionekana, zinaondoka zote, na babu anakula hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Akapanga njia tatu, zote zikilipa korongo mgongo. Bwana akaitazama ramani.

"Na huku?"

"Huku kuna nyuki, Bwana Mkubwa. Wabaya sana."

"Vizuri. Askari watakimbia zaidi. Jiwe la nne liwe hapa."

Kidole kikatua mwendo wa nusu saa tu kutoka korongoni.

Chokaa ikaishia jiwe la tatu. Babu hakuthubutu kurudi bomani kuulizwa maswali. Akachota udongo mweupe wa chumvi, ule tunaouchuja na kuuchemsha tupate chumvi ya mboga, akalipaka jiwe la nne likang'aa. Akajisifu njia nzima. Mfugaji mzima! Aliwaza macho ya askari, akasahau ndimi za ng'ombe.

Siku ya ukaguzi bwana alikuja na askari mmoja, Hassani, mtu wa Kondoa. Jiwe la nne walilikuta jeusi, safi, kama sahani ya mwenye njaa.

"Nani ameliosha?"

"Mvua, Bwana Mkubwa."

"Mwezi wa nane?"

"Basi umande."

Hassani akainama, akaonyesha chini. "Mzee Matonya, umande huu unakunya?"

"Hayo ya swala."

"Swala huyo kashiba, mzee wangu."

Bwana hakucheka. "Paka tena."

Babu akatumbukiza mkono kwenye kibuyu chenye ule udongo wa chumvi, akapaka. Kichaka kikatikisika. Akatoka ng'ombe mwekundu, pembe moja imepinda, akaja moja kwa moja bila kumwogopa mtu.

"Huyu wa nani?"

"Simjui, Bwana Mkubwa. Sijapata kumwona."

Ng'ombe akalipita jiwe, akamlamba babu kiganja, ulimi ukapanda mpaka kwenye kiwiko, kisha akaegemeza kichwa kifuani pake, pale alipozoea.