Aliyekataa Mara Tatu

"Usiniwekee," Luo aliniambia, akanishika mkono wa joho kwa vidole vyenye udongo. "Wengine siwawezi. Lakini wewe, Kaka Wingu, usiniwekee."

Tulikuwa tumechuchumaa katikati ya kabichi, nyuma ya jiko la hekalu. Luo hakuwahi kupanda kwa mistari. Mbegu iliangukia ilipotaka, naye akapita kati ya mimea kama mgeni mwenye adabu, akipalilia hapa, akiacha pale. Kabichi zilikua kubwa kama vichwa vya ndama.

Alikuwa akizungumzia soya. Mkuu wetu wa hekalu alikuwa amefariki mwishoni mwa baridi, na asubuhi iliyofuata siku ile ya bustanini tungemchagua mwingine kwa desturi ya mlima ule wa Qinling, kule Uchina: wanaopendekezwa huketi wakitazama ukuta, kila mmoja na bakuli nyuma ya mgongo wake, na kila mtawa hupita akidondosha punje moja ya soya kwenye bakuli la amtakaye. Waliopendekezwa walikuwa wawili, Luo na Fang.

Fang alikuwa mtu wa kengele. Kengele ya kuamka, ya uji, ya kufagia. "Akishinda," alisema Dou, mpishi wetu, "atatuwekea na ya chooni, na ole wake atakayeiwahi." Tulicheka, lakini tuliogopa. Sisi tunaoifuata Njia, yaani Tao, tulikuwa tumepanda kule kukimbia amri za watu, kila mmoja na zake. Huyu alimkimbia baba yake, yule alilikimbia jeshi. Tulitaka mkuu wa kutuacha kama Luo alivyoziacha kabichi.

Luo hakutaka. Alisema hivyo mbele ya wote, na kwetu mtu mwenye staha hukataa cheo mara tatu kabla ya kukipokea. Basi wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akakataa tena, wakaridhika zaidi. Mara ya tatu akapiga magoti, akalia kabisa. Mzee mmoja akanong'ona kwamba tangu azaliwe hajaona unyenyekevu wa namna ile. Ndipo Luo, kwa kukata tamaa, akasimama na kupaza sauti: "Haya basi, nautaka! Nautaka huo ukuu, nina uchu nao, hata silali!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mwoneni huyu," Dou akasema, akijifuta machozi. "Hata kujivuna hajui."

Mimi, Shen, nilikuwa mgeni; Wingu ni jina tu wanaloitwa wazururaji. Mtawa mzururaji akifika hekaluni hutundika kibao cha jina lake langoni, akala, akalala, na siku akitaka kwenda hukiondoa. Asiyefikisha siku mia hana punje. Sikuwahi kufikisha hata arobaini mahali popote. Nyayo huanza kuniwasha. Hata leo, nimebaki na meno manne, nikilala chini ya paa moja wiki mbili naanza kuota milango. Lakini mwaka ule nilizihesabu siku zangu nikiogopa zisije zikakosa kutimia, maana nilimpenda Luo. Hakuniuliza nilikotoka wala niendako. Siku ya mia ilinikuta bustanini mwake, siku hiyohiyo aliponishika joho.

"Ukiwa mkuu utatuacha tuishi," nilimwambia.

"Nikiwa mkuu nitashuka bondeni kuwanywesha chai maofisa ili wasichukue mtama wetu. Nitaamua nani ale kwanza. Kaka, mimi nikiamua jambo tumbo huniuma siku tatu."

"Ndiyo maana unafaa."

"Mbona wote mnaongea kama mmekunywa chungu kimoja?" Aling'oa gugu, akalitazama, akalirudisha ardhini. "Fang anautaka. Mpeni. Mtu anataka kubeba mzigo mwenyewe, mna ugomvi gani naye?"

Nikainama kung'oa gugu jingine. Akadhani nimekubali.

Asubuhi, nikiwa mgeni, nilipita wa mwisho. Migongo miwili, mabakuli mawili. Mgongo wa Fang ulikuwa umenyooka kama nguzo. Luo alikuwa amejikunja, na fundo la nywele utosini mwake lilitetemeka. Viatu vyangu vya majani vilikuwa vimechakaa upande mmoja; hekalu zima lilizijua hatua zangu. Niliposimama nyuma yake aliacha kutetemeka. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kupita. Nadhani nilikuwa na muda wa kutosha hata wa kuomba radhi.

Nikaidondosha punje.

Ishirini za Luo kwa kumi na tisa. Fang ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsujudia, bila kinyongo, na nilipouona uso wake mtulivu nikaanza kujuta. Usiku kucha niligeuka na kugeuka kwenye mkeka.

Kulipokucha nilikwenda kuaga. Mgeni humuaga mkuu kwa magoti. Luo alikuwa amevishwa joho la marehemu, mikono mirefu ya joho hilo ikamfunika vidole. Nje walishajipanga watu saba wakimsubiri, kila mmoja na shauri lake.

"Unaondoka," alisema.

"Miguu inawasha, Mheshimiwa."

Kwa neno hilo akafumba macho kidogo. "Wa mwisho alikuwa wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Likatoka moja. "Kwa sababu hukutaka."

"Wewe nawe hutaki kukaa," alisema taratibu. "Siku mia nzima nimekuona ukilitazama lango. Niliwahi kukushika mguu?"

Niliinamisha paji la uso mpaka sakafuni, nikabaki hapo kuliko desturi inavyotaka. Yeye hakuniinua.

"Nenda, Shen," alisema hatimaye. "Nenda kabla sijazoea kuamrisha."

Nilishuka ngazi za mawe bila kifungua kinywa. Kwenye kona ya pili nilisikia sauti yake juu ikimwita mtu kwa jina, akaita tena, kwa ukali safari hii. Nikaongeza mwendo.