Homa ya Olive

Nzanzu alikuwa akila bukari, yaani ugali, mbele ya depo lake la maharage, mtaa wa Naviundu, bangili ya mkononi ilipoonyesha kwamba anapanda mlima. Hospitali ilimvalisha bangili hiyo baada ya kumpandikiza figo, ili homa au mapigo mabaya ya moyo yamfikie daktari mapema. Ikaonyesha na homa. Nzanzu alijigusa shingo, ilikuwa baridi.

Alimshuku mkewe Simone kwamba huivaa usiku mumewe akilala. Aliishuku hospitali. Kivu ilikuwa vitani, benki za huko zimefungwa, bei ya dawa ilibadilika kabla hujamaliza kusalimia. Nani angemwamini nani?

“Docta, hii bracelet iko nanidanganya.”

“Hapana,” alisema daktari Gérard. “Iko nafwata figo. Na figo iko nafwata mwenyewe.”

Mwenyewe alikuwa Olive, dada yake mdogo aliyebaki Butembo, huko Kivu. Kikao cha familia kilimchagua atoe figo kwa sababu hajaolewa. Kwa dada wengine ingebidi kuomba ruhusa kwa waume na wakwe. Olive hakuulizwa, aliambiwa tarehe. Sasa alikuwa akikimbia vita, akizungukia Uganda, Tanzania na Zambia kuja kwa kaka yake. Figo lake lililobaki lilikuwa limeoza, homa ilitoka hapo, alisema Gérard, na asipolazwa upesi atakufa.

“Papa Aristote,” Simone alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, “lori yetu iko napita Sakania, ku mupaka. Imubebe.”

“Akifika, ataiomba figo yake.”

“Ataomba kitanda.”

“Leo kitanda. Kesho?”

Lori lilipita Sakania na mahindi tu. Nzanzu aliona aibu, lakini woga ulikuwa mkubwa zaidi.

Jumapili, watu wakitoka misa, hatua za bangilini zilifika langoni. Nzanzu akajifungia chumbani. Simone alitoka akamkuta wifi yake amevimba uso, amejishikilia ukutani.

“Yaya yako Nzanzu haiko,” Simone alisema, akitazama chini. “Alisafiri.”

“Iko,” alisema Olive. “Namusikia. Iko nakula chumvi mingi. Mumupunguzie, figo inachoka.”

Akaondoka. Jioni Simone alipika bila chumvi. Nzanzu alinung'unika, akamaliza sahani. Alipokuwa akinawa, Gérard alipiga simu kumpongeza: homa ilikuwa imekwisha kabisa. Bangili haikuonyesha tena hatua hata moja.

Nzanzu alimshukuru Mungu kwa sauti.