Kishi ya Kumfikisha Baba kwenye Kahawa

Kwa Mama Huguette, mamake mchumba wangu Thibaut, ukitia jibini kwenye kishi umemtukana yeye na bibi yake. Kishi ya kwao Lorraine ni pai ya mayai, krimu na vipande vya nyama ya nguruwe ya moshi, basi. Mimi natoka milima ya Jura, na baba yangu ni mtengeneza jibini. Kwake, chakula kisicho na jibini ni cha wagonjwa.

Jumapili hiyo wazazi wangu walikuja kujitambulisha kwa Mama Huguette, na kishi nikaachiwa mimi. Siku ya harusi ingepangwa wakati wa kahawa. Baba namjua: akiona amedharauliwa, ghafla hukumbuka kwamba ng'ombe wanamsubiri. Akiondoka kabla ya kahawa, harusi hakuna.

"Jibini ifiche chini ya nyama," Thibaut alininong'oneza jikoni. "Mama hataona."

"Mamako? Yule anajua hata yai limetagwa na kuku gani!"

"Basi tia vitunguu, watapatana hapo."

"Nilimuuliza jana. Akasema vitunguu niwaachie majirani wa Alsace."

Tangu utotoni nimemwangalia baba akifanya kazi. Kabla hajasema lolote kuhusu maziwa, huchovya kidole kwenye krimu, akafumba macho. Kwa hiyo nilimpigia mama simu aniletee krimu ya ng'ombe wetu. Walipofika asubuhi akaipitisha mlangoni ndani ya koti lake, baba na Mama Huguette wasiione. Mama Huguette alipokwenda kanisani, nikaimimina kwenye mayai, na ile aliyoniwekea nikairudisha stoo. Mezani ningemwambia baba: unachokula ni chako. Angekosaje kuridhika?

Nyama niliikaanga kwa moto mdogo mpaka ikapata rangi pembeni, nikamwaga mafuta, nikaitandaza juu ya unga uliokandwa na kusukumwa, nikamimina mayai na krimu, nikaiingiza kwenye oveni. Kishi ikaumuka vizuri.

Nilipoiweka mezani, baba aliinama akaichungulia.

"Mwanangu, jibini iko wapi?"

Kabla sijajibu, ametoa bonge la jibini mfukoni, na kisu. Mama Huguette akaifunika kishi kwa mikono yote miwili, moto hausikii.

"Baba Apolline, hapa ni Lorraine."

"Nimeibeba tangu alfajiri, mama. Kidogo tu, kwa juu."

"Labda unizike kwanza."

Thibaut akaangalia dari. Baba akaangalia koti lake pale ukutani. Nikakata kipande haraka, nikamwekea.

"Onja kwanza, baba. Usipoipenda nitakukwangulia jibini mwenyewe."

Akaonja. Akafumba macho. Akala tena, polepole. Nikafungua mdomo nimwambie, lakini alikuwa ameshamgeukia Mama Huguette.

"Mama, krimu hii mnaitoa wapi?"

Mama Huguette aliona haya kama msichana. "Kwa jirani tu. Ng'ombe wa hapa hapa."

"Wanakula nini hao? Mimi nimezeekea kwenye maziwa, sijaonja kitu kama hiki. Mmetushinda, lazima niseme."

"Ni majani yetu," akasema Mama Huguette, kidevu juu. "Mvua yetu nayo."

Mama yangu akanikanyaga mguu chini ya meza, macho yake kwenye sahani. Nikafunga mdomo.

Kishi ilipokwisha, Mama Huguette akalivuta lile bonge la jibini, akakata kipande kinene kama ubao, akakiweka juu ya mkate.

"Sasa ndiyo saa yake," akasema, mdomo umejaa. "Si vibaya. Si vibaya hata kidogo."

"Kata nyingine, mama. Usione aibu."

Kahawa ikaja. Baba alitaka Mei, Mama Huguette Juni, wakabishana kama watu waliooana zamani.

"Haya, Juni," baba akakubali. "Ila kishi upike wewe."

"Atapika binti yako. Akisimamiwa, anaweza."

Nikainuka kuongeza kahawa.