Tambi Bila Sukari

Shangazi Swaumu alikuwa ameivaa kofia ya mhudumu juu ya ushungi wake, nyeupe juu ya nyeusi, jicho moja limefunikwa kwa bandeji na lile lililobaki likimeremeta kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tutoke Tabora. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka. Na kila nikimkumbuka hivyo, hapohapo huuona uso wa Abasi upande wa pili wa meza, ukikatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu miezi minne nyuma, nikapangiwa shule ya msingi kwetu Tabora, na likizo yangu ya kwanza niliitumia kumpeleka shangazi Dar es Salaam kupasuliwa mtoto wa jicho. Abasi alitupokea stesheni. Alikuwa mtoto wa Mzee Omari, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaa wa Isevya. Sasa alikuwa afisa utumishi katika shirika moja la umma, na kazi yake kubwa siku hizo ilikuwa kuendesha semina za wafanyakazi juu ya utu na usawa kazini. Barua yake ya posa ilikuwa kwa baba tangu Mfungo Tatu. Baba alikuwa bado hajaijibu. Alisema twende kwanza, turudi, ndipo tuzungumze.

Siku shangazi aliporuhusiwa kutoka hospitali, Abasi alisema anataka kutulisha chakula cha kimataifa. Alilitamka neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Akatupeleka kwenye mkahawa wa Kiitaliano, ghorofa ya pili, karibu na bandari. Vitambaa vya meza vilipigwa pasi hata nikaogopa kuweka viwiko. Watu walikula kwa sauti za chini. Kulikuwa na Wazungu, Wahindi, Wachina wawili waliovaa suti zinazofanana, na dirishani, pamoja na wageni wa nje, alikaa mtu mnene mwenye miwani. Abasi aliniinamia.

"Yule ni Bwana Raymundi. Mkurugenzi wangu."

Ndipo nikaelewa kwa nini tulikuwa pale, na kwa nini Abasi alikuwa ameketi akitazama dirishani wala si kutazama kwetu.

"Mna nguruwe humu?" shangazi aliuliza.

"Nimekwisha uliza, shangazi. Tutakula tambi kwa nyama ya ng'ombe."

Shangazi alitulia. Tambi alizijua. Kwetu hupikwa kwa tui, sukari na iliki, zikaliwa jioni za Ramadhani watoto wakigombea ukoko. Hizi zilikuja nyekundu, zimemwagiwa nyama ya kusaga na nyanya. Shangazi alionja, akatafuna polepole, akaitazama sahani kwa jicho lake moja kama anayemtazama ndugu aliyebadili dini.

"Hizi zimesahauliwa sukari," alisema. Kisha akanyanyua mkono. "Baba! Baba wee! Tuletee sukari."

Mhudumu aliyekuja alikuwa mtu mzima, masharubu yameota mvi, koti jeupe lenye vifungo vya shaba na kofia nyeupe kichwani.

"Sukari ya chai, mama?"

"Ya tambi."

Alimtazama shangazi kwa makini. "Mama anatoka wapi, kwani?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Wa kuzaliwa na kufa."

Yule mzee aliiweka sinia yake mezani, taratibu, akashika kiuno. "Loo! Na mimi najiuliza harufu hii ya jasho la wapagazi inatoka wapi! Mmerudi tena? Mihogo yetu mliyoichimbua njiani na babu zenu hamjashiba, sasa mmefuata tambi?"

Nilishtuka, hata kijiko kikanigonga meno. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kuinuka nusu.

"Mzaramo! Mzaramo huyu! Nilijua tu, mtu anayenyima sukari hawezi kuwa mwingine. Maji ya kisima chenu yenyewe yalikuwa ya chumvi, mkatuambia ndiyo supu!"

"Mkanywa!"

"Tukanywa, tukawapa ninyi makapi!" Na hapo shangazi aliinyakua ile kofia kichwani mwa mzee, akaivaa. "Hii imekwenda. Ukiitaka, ifuate Tabora, uje na jogoo."

"Basi na mimi nakutwalia tambi," yule mzee akasema, akaivuta sahani ya shangazi. "Jina langu Pazi. Ukifika kwenu waambie Pazi amekula chakula chako na wewe ukamwangalia kwa jicho moja."

Kwetu hakuna asiyejua utani huu. Ulizaliwa njiani, zama za misafara, babu zetu walipoteremka pwani na pembe za ndovu vichwani wakapita katika nchi ya Wazaramo. Wakapigana, wakachoka, wakapatana; na alama ya kupatana ikawa ruhusa ya kutukanana bila kinyongo na kunyang'anyana bila kushtakiana. Mtani atakuzodoa mchana, na ukifa ndiye atakayeingia kaburini kukupokea. Sharti ni moja tu: mtani hakasirikiwi.

Nilianza kucheka. Nakiri hilo. Kicheko kilinipanda, nikakiziba kwa mtandio. Wachina wale wawili nao walikuwa wakitabasamu bila kujua sababu. Kisha nikauona uso wa Abasi.

"Meneja yuko wapi?" alisema.

Meneja alikuja mbio, Mgoa mfupi mwenye tai nyembamba. Abasi hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayesoma barua.

"Mhudumu wako amewatukana wageni wangu. Amewaita wapagazi. Amenyang'anya chakula mezani."

Pazi alikuwa bado anatabasamu. "Bwana meneja, si matusi haya. Hawa ni Wanyamwezi. Watani zangu."

Nilimwona meneja akishusha pumzi. Pengine alikwisha kuyasikia mambo hayo; alikuwa amekaa na watu. "Ni kweli, bwana? Maana kama ni utani wenu wa kikabila, basi yamekwisha. Nitawaletea sahani nyingine, na sukari."

Lilihitajika neno moja tu, tena fupi. Ndiyo. Mtoto wa Isevya, aliyeoga nasi mvua, ambaye bibi yake mzaa baba alizikwa huku Mzaramo mmoja fundi viatu akiwa amejilaza ndani ya kaburi, akidai apewe mbuzi ndipo atoke, alihitajika kusema ndiyo.

Abasi alitazama dirishani, kisha akamtazama meneja.

"Mimi ni Mtanzania," alisema. "Mambo ya makabila tuliyazika pamoja na mkoloni. Sina mtani."

Pazi akaangua kicheko. Alidhani huo nao ni utani, na wa hali ya juu kweli. Alipiga goti kwa kofi, akamwelekea Abasi, akasubiri sehemu ya pili. Haikuja. Kicheko chake kilibaki hewani peke yake, kikapungua, kikawa kama kikohozi, kikaisha.

Meneja alinigeukia. "Na wewe, dada?"

Nilikuwa mwalimu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya watoto arobaini na watano nikawafundisha kusema kwa sauti ili wa nyuma asikie. Nikaziinamia tambi zangu. Niliona jinsi zilivyofungamana, nyekundu, zikianza kupoa. Sikusema neno.

"Nasema mimi!" Shangazi aligonga meza. "Huyu ni mtani wangu, na mimi ndiye niliyeanza!"

"Msameheni," Abasi alimwambia meneja, kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira. "Ametoka kupasuliwa jicho. Dawa hazijamtoka kichwani."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima. Lakini nadhani ndivyo inavyokuwa: kwanza husikii maumivu, unasikia ukimya.

Shangazi alivua kofia. Alimpa Pazi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Meneja aliipokea kabla mzee hajaigusa.

"Acha na koti jikoni," alisema bila kumtazama.

Pazi alianza kufungua vifungo pale pale. Alipofika cha mwisho alimgeukia shangazi.

"Samahani, mama," akasema.

Mtani haombi radhi kwa mtani. Shangazi aliketi ghafla.

Baadaye kidogo Bwana Raymundi na wageni wake waliinuka. Walipita karibu na meza yetu wakizungumza habari za uvuvi. Abasi alisimama nusu, mkono kwenye tai, tabasamu tayari. Yule bwana alipita. Hakuwa ameona kitu, wala kusikia. Hata Abasi mwenyewe, bwana yule hakumwona.

Asubuhi yake, bila kumwambia Abasi, mimi na shangazi tulirudi pale. Tulizunguka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, tukamkuta mama mmoja akisugua masufuria kwa majivu.

"Pazi? Ameondoshwa. Miaka kumi na tisa, mwanangu. Aliingia humu Waingereza wangali wakila. Amekwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kisarawe, huko."

"Kisarawe kijiji gani?"

"Ah, Kisarawe ni kubwa." Akaendelea kusugua. "Nasikia aliwatukana wateja. Mtu mpole vile! Mtu habadiliki?"

Ilinipasa mimi kujibu. Nilijua hivyo, na mama yule aliinua kichwa akasubiri. Nikasema, "Tunashukuru," tukaondoka.

Abasi alitusindikiza stesheni na mkate wa siagi na mfuko wa machungwa. Shangazi alipokwisha kukaa ndani ya behewa, nilibaki na Abasi nje, chini ya dirisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, yakatoka machache.

"Abasi, ungesema ndiyo tu."

Alicheka kidogo. "Amne, hapa si Isevya. Mtu akikuita mpagazi mbele za watu ukanyamaza, kesho watakupa mzigo. Yule mzee atapata la kufanya. Vijiji vya ujamaa viko wazi, ardhi haimkatai mtu." Alikaribia. "Na wewe mbona unanilaumu? Ulinyamaza. Ulinitazama, ukainama, ukanyamaza. Unajua hapo ndipo nilipokupenda kweli? Nikasema, huyu ndiye. Huyu hatanivunjia neno."

King'ora kikalia. Nilipanda ngazi. Watu wengine husifiwa wakaota mabawa. Mimi nilisifiwa nikahisi nimevuliwa nguo.

Dodoma ilibaki nyuma, vumbi la Manyoni likaanza kuingia madirishani. Shangazi alikuwa akimenya chungwa kwa kidole gumba, bila kulila.

"Babu yangu alifia kule kwao," alisema. "Mzigo uko kichwani. Wenzake waliharakishwa na msafara, wakamwacha chini ya kichaka. Wazaramo walimwosha. Walimtania hata ndani ya sanda, wakamwuliza kama sasa amechoka kubeba. Kisha wakamtuma mtu hadi Tabora, kwa miguu, miezi mitatu, kutuambia tusimngoje." Akagawanya chungwa, akanipa nusu. "Kula."

Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ijumaa ya pili baada ya kurudi kwetu, baada ya sala, wazee wa Abasi walikuja nyumbani kuchukua jawabu. Niliwasikia kutoka chumba cha ndani: Mzee Omari na nduguze, vikombe vya kahawa, kikohozi cha baba ambaye siku hiyo alikuwa ameisogeza cherehani yake ukutani kupisha jamvi. Walizungumza habari za mvua na asali ya Sikonge, kama ada, wakilizunguka jambo lenyewe. Kisha baba akasema, "Basi, dada, nenda kamwulize mwenyewe."

Shangazi aliingia, akavuta pazia, akaketi mbele yangu kwenye mkeka. Bandeji ilikwisha kutolewa. Jicho lilikuwa jekundu bado, lakini liliona. Alinitazama kwa yote mawili.

"Nimetumwa kuuliza, si kushauri," alisema. "Unajua ada yetu. Mwanamwali haoni haya kwa bure. Akiulizwa akanyamaza, ukimya wake ndio ndiyo yake. Nitauliza mara tatu, kisha nitatoka, niseme nilichosikia." Akashusha pumzi. "Amne binti Mfaume. Abasi bin Omari amekuposa. Unasemaje?"

Nilitazama mkeka.

"Amne. Unasemaje?"

Nje mtu alicheka, akamwambia mwenzake kuwa mabinti waliosoma chuo ndio wenye haya kupita wote. Mwenzake akaitikia Alhamdulillahi. Nilijua kitakachofuata. Nilijua vigelegele vitatokea upande gani, nani atavianza. Nilimwona baba akitabasamu, nyumba ikipumua, na mimi nikiwa bado sijainua kichwa.

"Amne, mwanangu. Unasemaje?"

Alingoja. Alingoja zaidi ya ada; hata mazungumzo sebuleni yalianza kusitasita. Kisha akaweka kiganja sakafuni ajiinue. Magoti yake yakalia. Alikuwa amekwisha kusimama, mkono kwenye pazia, nilipoushika upindo wa kanga yake.

"Shangazi, kaa," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza, kama mlango wa chumba kisichofunguliwa siku nyingi. "Sijajibu bado."

Alirudi chini polepole, akakaa, akakunja miguu. Ndipo akageuza uso kuelekea sebuleni, ambako kikombe kimoja kiliwekwa juu ya sahani, na baada yake hakikusikika kingine.

"Ngojeni kidogo," akawaambia wanaume. "Mtoto anazungumza."