Sentimita Mbili

Mama yangu ni fundi cherehani, na akisema hapana huwa haongezi neno. Lakini siku hiyo aliisema mara tatu kabla sijakaa kwenye kiti.

"Kompyuta ipo dukani, imefungwa vizuri, ina waranti," alisema, mguu ukiwa kwenye kanyagio. "Mwenye duka ameniwekea mpaka saa kumi. Wewe unataka kuniletea vyuma vya kuungaunga."

Ile ya dukani niliijua. Nilikuwa nimepata nafasi chuoni kusomea utengenezaji wa katuni, na mashine ile ingefungua programu yangu ya kuchorea kisha izirai. Ikishanunuliwa ndiyo basi, nitasoma nayo mpaka nimalize. Nilibakiwa na saa moja na nusu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana mdomo nimeurithi kwake.

"Mama, mteja akikuuliza kwa nini asinunue gauni lililoning'inizwa dukani, unamwambiaje?"

Mguu ulisimama. "Namwambia lile limeshonewa mtu ambaye hayupo."

"Haya. Basi na kompyuta ile ni hivyo hivyo."

"Usinichezee akili, wewe mtoto."

Lakini alikuwa anauma midomo asicheke. Nikatandaza juu ya meza ya kukatia karatasi yenye orodha yangu: vipande saba, kila kimoja na kazi yake. Bodi inayobeba vyote, feni ya kupoza, kadi ya picha inayoendesha katuni kwenye skrini, na kasha la kuvitia ndani. Nilieleza kama mwalimu aliyezoea kupigiwa makofi. Kuunga vipande hivyo nilishakujua kiasi kwamba ningeweza kufanya nimefumba macho, na nilimwambia hivyo.

Mama hakuuliza habari za umeme wala bei. Alivua futi yake shingoni.

"Hii kadi ya picha ina urefu gani?"

"Sentimita thelathini na tatu," nilijibu haraka.

"Na kasha, kwa ndani?"

Nikafungua simu. Thelathini na moja. Nikasoma tena, ikabaki ile ile. Wiki sita nalala na orodha hiyo chini ya mto, na kitu hicho sikukipima! Ningesema thelathini na tano, Mama asingekuwa na namna ya kujua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliogopa.

"Haiingii, Mama. Nimekosea. Imezidi sentimita mbili."

Nikaanza kukunja karatasi, naye akaiwekea kiganja.

"Bibi harusi wa kwanza niliyemshonea, gauni halikupita mabegani," alisema. "Nilimwambia kitambaa kimesinyaa kwa maji. Uongo mtupu. Nilikata vibaya. Mpaka leo nikimwona njiani, huwa navuka barabara."

Hakuwahi kuniambia jambo hilo. Nikampenda tu.

"Tafuta kasha refu zaidi," alisema. "Na usinunue hata skrubu moja kabla hatujapima sote wawili."

Kisha akachukua simu, akampigia mwenye duka.

"Ile mashine mpe mwenye haraka," alimwambia. "Binti yangu anajishonea ya kwake."