Jezi ya Waliooa

Adérito Calheiros alitundika daluga mwezi wa tano, goti likiwa limekwisha kabisa, lakini hakuna aliyeipa miguu yake habari. Akikaa, inacheza chini ya meza. Akilala, inapiga shuka. Mama yake, Dona Zulmira, alimwambia kavukavu, "Mwanangu, una upupu kwenye nyayo. Hata supu unainywa umesimama."

Upupu huo ulikuwa wa miaka kumi na minane. Beki wa kushoto, timu kumi na moja, kuanzia huku kaskazini mwa Ureno mpaka Algarve kule kusini, Romania miaka miwili, Kupro mitatu, na msimu mmoja tu wa ligi kuu ambao watu wa kijiji chake, Lameiro Velho, wanaukumbuka kuliko yeye mwenyewe. Kila alipohama alimpigia mkewe simu akamwarifu. Otília alibaki kijijini na tanuri lake la mkate wa mahindi. Siku mume aliporudi na mabegi matatu, alimpokelea mlangoni wala hakumpisha.

"Lala kwa mama yako," alimwambia, "mpaka ujue kama unakaa au unapita. Mimi nimechoka kuolewa na begi."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Adérito.

Basi ikafika Agosti, Jumapili ya sikukuu ya kijiji, siku ambayo makapera hucheza na waliooa. Watakaofungwa huosha vyombo vya karamu, na jamani, hakuna fainali yenye matusi kama mechi hiyo. Adérito, tangu aoe, hakuwahi kuicheza hata mara moja. Agosti ligi zinaanza; mchezaji wa kulipwa hana sikukuu ya Agosti.

Siku hiyo alikuwa na shaka moja tu: angevaa jezi ipi? Nyekundu za makapera zimo guniani, chukua yoyote. Nyeupe ni za waliooa, na kila mtu huletewa yake na mkewe pale pembeni mwa uwanja, imefuliwa na kupigwa pasi. Otília akija na nyeupe, amemrudisha nyumbani mbele ya kijiji kizima. Asipokuja, basi. Wakala wake, Fausto, alikuwa amemtafutia ukocha msaidizi Kupro, ndege Jumanne, na alitaka jibu kabla jua halijazama.

Saa kumi ilimkuta amesimama kifua wazi pembeni mwa mstari wa chaki, anasubiri. Ndivyo alivyozoea. Miaka yote ile alikuwa akiingia chumbani anakuta jezi imetundikwa msumarini, jina mgongoni; kazi yake ilikuwa kuingiza kichwa tu.

Wake za watu wakaja. Mke wa Belmiro, yule mchinja nyama, nahodha wa waliooa, alimtupia mumewe jezi usoni. "Haya vaa, kitambi! Na mwaka huu usinitie aibu!" Otília alikuwa mezani kwake kwenye ukuta wa kanisa, anauza mikate. Alimtazama Adérito mara moja, akamgeuzia mgongo.

Refa akapuliza.

"We Adérito!" aliita Jacinto, kipa wa makapera, mtu wa miaka hamsini na minne ambaye hajawahi kuposa hata paka. "Njoo huku kwa wasiotakiwa! Huku hatubagui!"

Uwanja mzima ukacheka. Adérito akachukua nyekundu guniani, akaivaa.

Alicheza kama mwehu. Mara yuko kushoto, mara kulia, mara anarudi kumnyang'anya mpira mwenzake mwenyewe. Akafunga moja, akafunga la pili, asishangilie lolote. Kila mpira ukitoka alikuwa anatupa jicho kwenye ukuta wa kanisa. Belmiro akamkanyaga makusudi.

"Huna haya? Unatufunga na mke unaye!"

"Ninaye wapi? Umeona ameniletea jezi?"

Belmiro akasimama palepale, mpira ukampita. "Kwani uliiomba?"

"Niombe nini?"

"Jezi, bwege wee! Asubuhi unaingia jikoni, unamwomba mkeo. Hakuna mwanamke anayeleta jezi asiyoombwa. Mimi mwaka wa ishirini na sita huu naomba, na kila mwaka ananizungusha mpaka nimenye viazi. Sisi tulidhani umeomba ukanyimwa. Sasa nani angekuuliza?"

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini huyu bwana alikuwa hajui hata kuanza. Zikamrudia simu zake zote. Nimesaini. Naondoka Alhamisi. Krismasi sitakuja. Hakukumbuka hata moja iliyokuwa na swali.

Filimbi ya mapumziko ilipolia tu, akakimbia mpaka mezani. Palikuwa na foleni ya watu. Na juu ya kapu, imefunika mikate isipoe, ilikuwa jezi nyeupe, namba tatu, namba yake.

"Otília..."

"Foleni," alisema mwanamke, hakuinua hata uso. "Nyuma ya mama yako."

Akapanga foleni. Akaivua nyekundu, akaishika mkononi. Mbele yake watu saba, na kila mmoja ana hadithi ya kumsimulia muuza mkate. Goti likamcheza. Filimbi ya kipindi cha pili ikalia. Jacinto anamwita kwa matusi, Belmiro anamwita kwa matusi zaidi.

"Simu yako hii inanitetemesha tumbo," alisema Dona Zulmira, ameishika kwenye aproni. "Huyo Fausto, mara ya nne."

"Muache apige, mama."

"Jua linashuka, mwanangu."

"Naliona."

Jasho lilimtoka kuliko uwanjani. Nyayo zilimwasha, akazikandamiza chini kwa nguvu. Mama yake alipochukua mkate wa mwisho, kapuni ilibaki jezi tupu. Otília akaikung'uta unga, akaishika kifuani pake.

"Sema."

"Naomba jezi."

"Kwa mechi hii?"

Adérito akageuka. Refa alikuwa anatazama saa.

"Hii nimeshaikosa," alisema. "Naomba ya mwakani."

Otília alizijua kalenda za ligi kuliko mwandishi wa gazeti. Agosti ni Agosti. Akamtazama miguu kwanza, halafu uso.

"Bado inacheza."

"Acha icheze. Itachezea hapahapa."

Simu ikalia tena. Dona Zulmira akaizima mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Otília akaitupa jezi kwenye kifua cha mumewe. Ilikuwa ya moto, inanuka mahindi.

"Vaa basi, usije ukapata kichomi. Halafu kuna viazi jikoni vinangoja kumenywa."

Akaivaa. Akaufuata mlango ule wa nyumbani aliozuiliwa mwezi wa tano, Otília nyuma yake na kapu tupu, akasimama kizingitini.

"Otília," aliuliza, "kisu kiko wapi?"