Mishipa Inayomjia Tulia

Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha Tukuyu kama kawaida yake, na Tulia, muuguzi mpya kutoka Ikuti, alikuwa wodi ya watoto ameshika trei ya Sista Jenifer. Mwili ulikuwa haumtoshi kwa furaha. Chuo kimeisha, sare bado inanukia duka, na kilichobaki ni kimoja tu: achome sindano ya dripu kwa mkono wake, msimamizi aone, aidhinishwe kazini.

Msimamizi ndiye huyo Sista Jenifer. Wapya wote aliwaita wakamwana.

"Mkamwana hapewi mafiga siku ya kuolewa," alisema. "Anapika kwanza kwa mama mkwe. Shika trei."

Tulia akaishika mpaka maparachichi yakakomaa.

Ndipo akaletwa Obed, mtoto wa Sekela, mama wa kijiji cha Masoko, kuhara kumemkausha. Sista Jenifer alitafuta mshipa mikononi, miguuni, kichwani, asione. Tulia aliposogeza pamba, mishipa ya mtoto ikainuka yote kumwelekea, kama nyungunyungu wanavyotoka mvua ikikatika. Akarudi nyuma, ikazama. Akasogea, ikapanda.

"Mama, niruhusu," alimwambia Sista, moyo ukimdunda kwa raha. "Inanijia mimi."

"Naiona. Simama hapo hapo, usitikisike."

Sista Jenifer akachoma. Dripu ikaanza kushuka.

Sekela hakushangaa. Mtoto alipopona alileta mkungu wa ndizi, akapiga goti mbele ya mkubwa wa wodi, kama adabu inavyotaka. "Ndaga fijo, mama," akamshukuru Sista Jenifer kwa Kinyakyusa. Tulia ndiye aliyeubeba mkungu kichwani hadi jikoni kwa Sista Jenifer.

Habari zikaenea, wodi nyingine zikaanza kumwazima. Akipita koridoni, wazee kwenye benchi walikunja mikono ya mashati bila kuambiwa. Ukweli usemwe, Tulia alifurahi mno. Kila mshipa ulioinuka aliuona umemwamkia, na kila alipoitwa alikimbia. Alisimama, wenzake wakachoma.

Muda wa uangalizi ulipokwisha, Sista Jenifer alimketisha.

"Wewe binti mzuri. Tangu uje hatujakosa mshipa. Ila nitakuidhinisha vipi, na hujachoma hata mgonjwa mmoja?"

"Nichome leo, mama. Sasa hivi."

Sista Jenifer alicheka, tena kwa upendo kabisa. "Mtoto wa watu huyo! Ukikosa je?"

"Nitakosaje, na mishipa yenyewe inanifuata?"

"Ndiyo maana tunakuhitaji pale unaposimama. Utarudia uangalizi, mwanangu. Haraka ya nini?"

Tulia alihisi uchungu, na hakuuficha. Machozi yalikuwa bado yanamtoka walipoita kutoka wodi ya wanaume: mzee Ambakisye amezidiwa, mshipa haupatikani. Akasimama na kukimbia, na njiani moyo ukaanza tena kumruka, ukidhani labda leo.

Mishipa ya mzee ilikuwa imeshainuka kabla hajafika mlangoni. Sindano alikuwa nayo mwingine.